SOMA NAMBA ZA PROPELA KABLA YA KUNUNUA

(Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa mashine za mitumbwi. Aliyatoa mbele ya wanakisomo wa kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria.)

  

Nimeombwa nizungumze juu ya mashine za mitumbwi. Jambo hilo ni kubwa, haliishi kwa jioni moja. Kwa hiyo leo nimechagua kitu kimoja tu, nacho ni propela. Ni kile chuma kinachozunguka ndani ya maji na kuusukuma mtumbwi. Wengine hukiita rafadha, wengine pangaboi. Mimi nitasema propela.

Kwa nini propela? Kwa sababu wengi wetu hatununui mashine mpya. Tunanunua mashine iliyokwisha tumika. Imepita mikononi mwa watu watatu au wanne. Inakuja na propela iliyofungwa na mwenyewe wa mwisho, nasi tunaichukua hivyo hivyo. Hatuulizi kama inafaa kwa mtumbwi wetu na mzigo wetu.

Matokeo yake mnayajua. Petroli inakwisha upesi. Mwenye mtumbwi anawaambia wavuvi, "Mnaiuza petroli yangu njiani." Wavuvi wanakasirika na kuondoka. Au mashine inachoka kabla ya wakati wake, inazimika usiku katikati ya ziwa, na upepo unaanza. Hapo si hasara ya fedha tu. Ni roho za watu.

Sasa basi, mwizi wa petroli anaweza kuwa propela yenyewe. Na namba zinazotusaidia kumjua huwa zimeandikwa juu yake. Wewe uliyejifunza kusoma na kuhesabu unaweza kuzisoma.

NAMBA MBILI

Chukua propela uitazame vizuri. Tazama katikati, au penye shina la panga. Mapanga ni yale mabapa yanayokata maji. Mara nyingi utakuta namba zimegongwa pale. Kwa mfano utakuta hivi: 9 1/4 x 11. Maana yake ni inchi tisa na robo, kwa inchi kumi na moja.

Namba ya kwanza ni kipenyo. Ni upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga zikizunguka. Unaweza kulipima kwa rula. Pima kutoka katikati ya propela hadi ncha ya panga, kisha zidisha mara mbili.

Namba ya pili ndiyo yenye maneno mengi. Mimi naiita hatua. Mnajua skrubu inavyoingia katika ubao. Ukiizungusha mara moja, inaingia ndani kiasi fulani. Propela ni kama skrubu ya majini. Kama maji yangekuwa magumu kama ubao, propela yenye hatua ya inchi 11 ingesonga mbele inchi 11 kila inapozunguka mara moja. Lakini maji ni laini, yanateleza. Kwa hiyo inasonga pungufu ya hapo. Mtumbwi ukiwa mzito, inateleza zaidi.

Mara nyingine baada ya namba kuna herufi. Herufi hiyo huonyesha jamii ya mashine ambayo propela hiyo inaingia. Msiidharau. Propela yenye namba nzuri lakini tundu lake halilingani na shafti yenu haina kazi.

MWENYE GUNIA HATEMBEI KWA HATUA NDEFU

Je, hatua ndefu ni bora au hatua fupi? Jibu ni kwamba inategemea mzigo.

Mtazame mtu anayetoka shamba mikono mitupu. Anatupa miguu, hatua ndefu, anafika upesi. Sasa mtwike gunia la mahindi. Atatembea kwa hatua fupi fupi. Akilazimisha hatua ndefu, magoti yatatetemeka, atahema, naye ataanguka njiani.

Mashine ni vivyo hivyo. Boti nyepesi ya watu wawili inataka hatua ndefu. Mtumbwi wetu wa mbao, wenye nyavu, wavuvi wanne, taa, na barafu au samaki, unataka hatua fupi. Tena mtumbwi mzito haupandi juu ya maji kama boti ya mbio. Unakata maji na kuyasukuma pembeni. Ukiufungia propela ya boti ya mbio, hauwi boti ya mbio. Unaitesa mashine tu.

Wako watu wanaofikiri kwamba chuma kikubwa ndicho chenye nguvu. Nitawaambia habari moja ya zamani. Huko Uingereza alikuwako mtu aliyeitwa Francis Pettit Smith. Alitengeneza propela ya mti, ndefu kama skrubu yenye mizunguko miwili, akaijaribu katika mfereji wa Paddington, London. Mwezi wa Februari mwaka 1837 propela hiyo ilivunjika ikiwa safarini. Ukabaki mzunguko mmoja tu. Mnafikiri chombo kilisimama? Kiliongeza mwendo. Kutoka kama maili 4 kwa saa kikafika kama maili 8. Nusu ya propela ilifanya kazi kuliko propela nzima. Toka zamani hizo watu walijifunza kwamba propela bora ni ile inayolingana na nguvu na chombo. Ukubwa peke yake hausaidii.

ZIWA LETU LIKO JUU

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ziwa Victoria liko juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,134 hivi. Ziwa Tanganyika liko kama meta 770, na Ziwa Nyasa kama meta 475.

Hilo linahusu nini mashine? Linahusu hewa. Mashine huchoma petroli pamoja na hewa. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na mashine inapata pumzi kidogo. Hapa kwetu Ziwa Victoria mashine hupoteza karibu moja ya kumi ya nguvu zake. Mashine ya nguvu za farasi 15 inafanya kazi kama ya 13 na kitu. Na hiyo ni mashine mpya. Mashine kuukuu, iliyolika ndani, inapungukiwa zaidi.

Kwa hiyo propela iliyofanya kazi vizuri Dar es Salaam au Tanga inaweza kuwa nzito mno Musoma au Bukoba. Mtu akikuambia, "Propela hii nilikuwa naitumia pwani, haina taabu," usimwite mwongo. Lakini kumbuka kwamba huku siyo pwani.

DALILI ZA PROPELA ISIYOFAA

Kama hatua ni ndefu mno, mashine inaguna. Unafungua mafuta yote, lakini sauti haipandi. Mtumbwi unachelewa kuondoka. Plagi inakuwa nyeusi. Mashine inapata joto. Mwishoni pistoni inaumia. Mashine inayofanya kazi hivyo kila siku ni kama punda anayevuta mkokoteni uliozama katika tope. Petroli anakula, lakini safari hakuna.

Kama hatua ni fupi mno, mashine inalia sana. Inazunguka kupita kiasi, lakini mtumbwi hauendi inavyostahili. Hiyo nayo ni hatari. Beringi na vyuma vya ndani vinakwisha upesi.

Hatua inayofaa iko katikati. Mashine ikiwa na mzigo wake wa kila siku, na mafuta yamefunguliwa yote, iweze kufika mizunguko iliyoandikwa katika kitabu chake. Isipungue, wala isizidi.

TUPIME NA TUHESABU

Tunawezaje kujua mizunguko? Masikio ya fundi mzoefu husaidia, lakini kipimo ni bora. Siku hizi vinauzwa vifaa vidogo vya kuhesabu mizunguko. Waya wake unazungushwa juu ya waya wa plagi, na namba inatokea katika kioo. Si lazima kila mtumbwi uwe nacho. Kimoja kinatosha kwa mwalo mzima, mkishirikiana kukinunua.

Pimeni siku ya maji matulivu. Pakieni mzigo wenu wa kawaida, watu wote wawemo. Msipime mtumbwi mtupu halafu mkadhani mmepima. Fungueni mafuta yote kwa dakika moja hivi, msome namba, muiandike.

Haya, tufanye hesabu. Tuseme kitabu cha mashine yenu kinasema mizunguko iwe kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Tunataka tufike katikati, yaani 5,000. Tuseme propela yenu ni 9 1/4 x 11. Mmepima mkapata 4,400. Mmepungukiwa kiasi gani? 5,000 toa 4,400 ni 600.

Sasa shikeni kanuni hii. Ukipunguza hatua kwa inchi moja, mizunguko inaongezeka kati ya 150 na 200 hivi. Tuchukue 200. Gawanya 600 kwa 200. Unapata 3. Basi punguza inchi 3. 11 toa 3 ni 8. Mtafute propela ya 9 1/4 x 8, kisha mpime tena. Hesabu inawafikisha karibu, na kipimo cha majini ndicho kinachothibitisha.

Mtaona kwamba kipenyo hatukukigusa. Kipenyo kimewekwa na watengenezaji kulingana na gia na nafasi iliyopo chini ya mashine. Kwa mashine ndogo, mara nyingi hatua ndiyo tunayoibadilisha.

Nyingine ni hii. Mtumbwi unatoka mwepesi jioni na kurudi mzito asubuhi. Tuchague propela ya safari ipi? Mimi nasema mchague ya mzigo, kwa sababu mzigo ndio unaoua mashine. Mkiwa watupu na mashine ikaanza kulia kupita kiasi, punguzeni mafuta kwa mkono. Mkono unaweza kupunguza mizunguko iliyozidi. Lakini hakuna mkono unaoweza kuipa mashine nguvu isiyokuwa nayo.

MAPANGA MANGAPI?

Mashine ndogo sana za zamani zina mapanga mawili. Nyingi tulizonazo zina matatu. Ziko pia propela za mapanga manne. Hizo hushika maji vizuri zaidi mtumbwi ukiwa mzito, lakini ni mzigo zaidi kwa mashine. Ukitoka mapanga matatu kwenda manne, punguza hatua kwa kama inchi moja. Kwa wengi wetu mapanga matatu yenye hatua sahihi yanatosha.

KABLA YA KUILAUMU PROPELA

Si kila mashine inayoguna ina propela mbaya. Kwanza angalieni haya:

1. Plagi ni safi, na mchanganyiko wa petroli na oili ni ule ulioandikwa katika kitabu cha mashine hiyo? Mashine hazilingani.

2. Chini ya mtumbwi ni safi? Je, ndani hakuna maji yaliyojaa? Maji ni mzigo kama mzigo mwingine.

3. Mashine imefungwa kwa kimo gani? Juu ya propela kuna bati pana. Bati hilo liwe sawa na chini ya mtumbwi, au lishuke kama inchi moja. Likiwa juu mno, propela inavuta hewa na kuzunguka bure. Likiwa chini mno, linakokota maji.

4. Mapanga yote ni sawa? Panga moja likipinda au likivunjika ncha, mashine yote inatetemeka. Mtetemo unaharibu beringi na sili ya mafuta ya gia. Maji yanaingia ndani, na oili ya gia inakuwa nyeupe kama maziwa.

5. Je, kuna uzi wa nyavu au magugu maji nyuma ya propela? Uzi mwembamba unajizungusha kwenye shafti, unakata sili. Vueni propela mara kwa mara mtazame.

MSUMARI SIYO PINI

Katika mashine ndogo za zamani, propela inashikwa na pini ya chuma laini. Pini hiyo imewekwa ikatike. Propela ikigonga jiwe, pini inakatika, na gia zinapona. Kazi yake ni kufa ili gia zisife.

Sasa mtu pini yake inakatika, anaingiza msumari mgumu au kipande cha spoku. Siku hiyo anafika nyumbani, anajisifu. Siku nyingine propela inagonga jiwe. Msumari haukatiki. Kinachokatika ni meno ya gia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwe na pini za akiba za aina ile ile, zifungwe katika mfuko pamoja na koleo na spani, na mfuko ufungwe kwa kamba katika mtumbwi.

Mashine nyingine hazina pini hiyo. Zina mpira katikati ya propela. Mpira huo nao unazeeka. Ukilegea, mashine inalia lakini propela haizunguki sawasawa, hasa mkifungua mafuta mengi. Jaribio lake ni rahisi. Piga mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya chuma cha ndani na chuma cha nje cha propela. Nendeni ziwani mfanye kazi. Mkirudi mkakuta mstari umeachana, mpira unateleza. Propela hiyo haifai safari ya mbali.

Na mnapofungua propela, kwanza zimeni mashine na mchomoe waya wa plagi. Propela ikizungushwa kwa mkono inaweza kuiwasha mashine, na vidole havioti tena. Washa zipangeni kwa utaratibu zilivyotoka. Pakeni shafti grisi isiyoyeyuka majini. Kotapini iliyochoka tupeni, wekeni mpya.

MKIENDA DUKANI

Msiende dukani na kusema tu, "Nipe propela ya kumi na tano." Nendeni na daftari. Ndani yake muwe mmeandika jina la mashine, nguvu zake, namba zake, namba za propela ya sasa, na mizunguko mliyopima. Ikiwezekana chukueni na propela ya zamani yenyewe. Iwekeni mezani kando ya ile mpya. Hesabuni meno ya tundu la shafti. Linganisheni kipenyo. Someni namba wenyewe, msisomewe.

Kama namba za propela kuukuu zimefutika, hiyo si sababu ya kukata tamaa. Zilazeni mbili juu ya meza, muone mapanga ya ipi yamesimama zaidi na ya ipi yamelala. Zikiwa na kipenyo na upana wa mapanga sawa, iliyolala zaidi ina hatua fupi zaidi.

Msitupe propela ya zamani kama bado nzima. Iwe ya akiba. Ikipotea ile nyingine, hiyo itawafikisha nchi kavu pole pole. Lakini hata mkiwa na akiba, makasia na majaketi ya kuokolea yasikose mtumbwini.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mzee mmoja aliuliza: "Fundi, sisi tukipinda propela huwa tunainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Ni makosa?"

Jibu: Mzee wangu, kama mko mbali na ncha imepinda kidogo, nyoosheni mfike nyumbani, na mwende pole pole. Lakini baada ya hapo mpelekee fundi aliye na kipimo. Nyundo inaweza kubadili hatua ya panga moja, mengine yakabaki na hatua nyingine. Hapo ni kama mtu mwenye mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi. Na aluminiamu ikipindwa mara kwa mara inapasuka.

Mama mmoja alisema: "Fundi, mimi nina mtumbwi lakini siendi ziwani. Petroli inazidi kila wiki. Nitajuaje kama ni propela au ni vijana wangu?"

Jibu: Mama, swali hilo ni zuri sana. Usianze na kugombana. Anza na daftari. Kila safari andika petroli iliyotoka, petroli iliyorudi, mahali walipokwenda, na mzigo waliorudi nao. Fanya hivyo wiki mbili. Kisha pima mizunguko mbele yao, ubadilishe propela kama haifai, na uandike wiki mbili nyingine kwa safari zile zile. Petroli ikipungua, utakuwa umempata mwizi, naye hakuwa kijana wako. Isipopungua, angalieni yale mambo matano. Hata yakibaki maneno ya kuzungumza na vijana, mtazungumza mkiwa na hesabu mkononi, si kwa kudhaniana. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Ndugu zangu, nimekwisha. Kesho mkiamka, kabla ya mashine kushuka majini, kila mmoja akatazame propela ya mtumbwi wake. Asafishe tope, asome namba, aziandike. 

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Propela imeandikwa 9 1/4 x 10. Namba ipi ni kipenyo, na ipi ni hatua?

2. Kwa nini mtumbwi wenye mzigo mzito unataka propela ya hatua fupi?

3. Mmepima mizunguko 4,600, nanyi mnataka 5,000. Hatua ya propela ni inchi 10. Mtatafuta propela ya hatua gani?

4. Kwa nini ni hatari kuweka msumari mahali pa pini?

5. Je, katika mwalo wenu mnaweza kushirikiana kununua kifaa kimoja cha kuhesabu mizunguko? Nani atakitunza?